Kabla ya kununua mota, hesabu spoku

Mtu akitaka kuitia umeme baiskeli ya zamani, swali lake la kwanza huwa mota: wati ngapi, inakimbia kiasi gani, bei gani. Afadhali angechuchumaa kwanza akahesabu spoku. Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana, India, Swala iliyokuwa ikitengenezwa Tanzania, na zile nyeusi ambazo Wakenya huziita Black Mamba, zote zimetokana na mchoro mmoja wa Kiingereza wa zamani: gurudumu la mbele spoku 32, la nyuma 40. Habu (vitovu vya magurudumu) nyingi zenye mota zinazoagizwa kutoka China zimetobolewa matundu 36. Ringi uliyo nayo haiingiliani na mota uliyoiona mtandaoni, si ya mbele wala ya nyuma.

Muuzaji atakwambia hamna shida, seti ya mota inakuja na ringi yake, inchi 28. Kweli inakuja nayo. Sasa soma ubavu wa tairi. La Phoenix limeandikwa 28 x 1½, na kando yake 40-635. La seti lina 622. Yote mawili huitwa inchi 28. Hizo 635 na 622 ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa hiyo tairi lako la sasa litapwaya kwenye ringi mpya. Tairi linanunulika. Kasheshe iko kwenye breki. Breki za vyuma za baiskeli hizi hazibani ubavu wa ringi. Raba zake huvutwa kutoka ndani na kugandamiza ule uso wa ringi unaotazama habu, huku na huku ya spoku. Ringi ya seti imeundwa kwa breki za kubana ubavuni au za diski, na uso huo haina. Ukilifunga gurudumu hilo, siku unayopata mota ndiyo siku unayopoteza breki ya mbele.

Hapo ndipo ninapotofautiana na matangazo, na hata na mafundi wengi wazuri. Fremu ya Phoenix ni chuma kizito kilichozoea magunia. Inaibeba mota bila kulalamika. Kilicho dhaifu ni kusimama. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye betri, na mota iwe ndogo kuliko unavyoitamani, yenye mwendo usiopita kilomita 20 kwa saa.

Chukua mzigo wa kawaida: baiskeli kilo 25, mwendeshaji 70, madumu au gunia kilo 75. Jumla 170. Ukikanyaga kwa kilomita 15 kwa saa, uzito huo una nishati ya jouli kama 1,500. Ukifika 30, jouli ni 5,900. Mwendo umeongezeka mara mbili, kazi ya breki mara nne, na raba ni zile zile. Mvua ikinyesha, ringi ya chuma yenye kromu huteleza kana kwamba imepakwa sabuni. Breki nzuri hupunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa kilomita 20 kwa saa unasimama katika kama mita 5. Breki yenye nusu ya uwezo huo, na Phoenix nyingi zilizo barabarani hazizidi hapo, inataka mita 10. Na breki hiyo hiyo ukiwa kwenye 30 inataka mita 23. Mtoto aliyekatiza barabara kufuata mpira hakupi mita 23.

Waendesha baiskeli wa ndizi wa milima ya Burundi hushuka Bujumbura mikungu imefurika kwenye keria, kisha hupanda kurudi wakiwa wameshikilia malori. Mota ingechukua nafasi ya lori. Kwenye kushuka ingekuwa uzito tu wa kuongezea, na safari ile huharibikia kwenye kushuka.

Kuzirudisha breki za vyuma katika hali yake si kazi ya ajabu, ni kazi ya viungo. Shika mkono wa breki, utikise bila kuuvuta. Kila pini inayocheza inakula sehemu ya nguvu ya vidole kabla haijafika kwenye raba. Badilisha pini zilizolika, kaza vishikizo vya vyuma kwenye fremu. Nyosha ringi mpaka isiyumbe zaidi ya milimita 1 kwenda kokote, maana ringi iliyopinda inakulazimisha kuziweka raba mbali. Kisha zirudishe raba hadi milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, na uhakikishe mbili za gurudumu moja zinagusa kwa pamoja. Raba iliyong'aa ikwangue kwa msasa. Iliyokuwa ngumu kama kwato itupe.

Mota sasa. Mwinuko wa asilimia 5, yaani kupanda mita 5 katika kila mita 100, ukiwa na zile kilo 170 na mwendo wa kilomita 12 kwa saa, unadai wati kama 330 kwenye gurudumu, ukijumlisha na ukinzani wa tairi. Mtu anayekanyaga bila kujichosha hutoa 75. Mota inabaki na kama 255. Kwa hiyo mota ya wati 250 hadi 350 inatosha Shinyanga, inatosha Kisumu mjini, na kwenye vilima vya Kigoma itatosha ukikubali kukanyaga. Mota ya wati 1,000 ikifanya kazi yake inamaliza betri ya wati-saa 500 kwa nusu saa, na nguvu hiyo yote inapita kwenye spoku na nati zilizokusudiwa miguu ya mtu mmoja.

Kwa Phoenix, njia ninayoipendelea ni ile ambayo wauzaji wa seti za habu huicheka: mota ya pembeni yenye cheni yake. Tafuta mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota) yenye gia za kupunguza ndani yake, ya volti 24 na wati 250. Aina ya MY1016Z ndiyo inayopatikana kwa urahisi, na India hufungwa sana kwenye baiskeli za ukoo huu. Shafti yake huzunguka karibu mara 300 kwa dakika. Ikiwa na sproketi ya meno 9 inayoivuta ya meno 18 kwenye gurudumu, gurudumu linapata mizunguko 150. Gurudumu la 635 lenye tairi la milimita 40 lina mzingo wa mita 2.25, kwa hiyo unapata kilomita 20 kwa saa, mwendo ule ule tuliosema breki inaumudu. Ringi inabaki yako, spoku 40 zinabaki zako, na nguvu inaingia gurudumu la nyuma, ambalo mzigo umelikalia.

Kasoro zake zipo. Brashi zinalika na hubadilishwa, cheni ya pili inataka mafuta na inachukia vumbi, kelele ipo. Mahali inapoharibikia zaidi ni sproketi ya gurudumu. Lazima iwe na friwili yake yenyewe, la sivyo ukikanyaga betri imeisha utakuwa unaizungusha mota kama kinu. Mafundi wengine huifunga upande wa kushoto kwa bamba linalobana spoku. Bamba hilo huvuta spoku chache tu kila mota inapoanza, zikalegea moja baada ya nyingine, na ringi ikaanza kucheza, jambo linaloturudisha kwenye breki. Sproketi ifungwe kwenye habu yenyewe, hata kama fundi wa mashine ya kukereza atahitaji kuichongea kipande cha kuishikilia.

Mota isichomelewe kwenye fremu. Mabomba ni membamba na maungio yake yameunganishwa kwa shaba. Moto wa kuchomelea unayadhoofisha palepale yanapobeba mzigo. Kata bamba mbili za chuma za milimita 5, zibane kwenye mabomba ya nyuma kwa boliti za U, ukiweka vipande vya mpira wa tyubu katikati ili rangi isichubuke na kutu isipate mlango. Matundu ya mota kwenye bamba yawe marefu, kama ya kutelezea, ili uweze kuivuta mota nyuma na mbele. Hapo utaratibu una maana: kaza kwanza cheni ya kanyagio kwa kulivuta gurudumu, funga nati za gurudumu, kisha ndipo ukaze cheni ya mota kwa kuisogeza mota. Ukianza na ya mota, kila ukirekebisha moja unaiharibu nyingine. Cheni icheze kama sentimita 1 katikati. Weka vivuta cheni pande zote mbili za ekseli, kwa kuwa mahali pa ekseli ni mfereji ulio wazi, na mota hulivuta gurudumu upande mmoja likakaa mshazari.

Anayeng'ang'ania habu ya mbele anaweza kuipata, kwenye mji tambarare kama Malindi na bila mzigo mzito nyuma. Mzigo ukiwa kwenye keria gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye kokoto au mchanga litazunguka bure. Foku iwe ya chuma, kamwe isiwe ya alumini. Mikono yake huachana pungufu ya milimita 100 ambazo mota inazitaka. Chuma kinapanuliwa taratibu kwa fimbo yenye nyuzi na nati mbili, ukipima kila upande usije ukapinda mmoja tu. Ekseli ya zamani ni ya milimita 8, ya mota ni 12 iliyobapwa hadi 10, hivyo kila upande wa mfereji unachukua milimita 1 ya tupa. Piga tupa kidogo, jaribu, piga tena. Ekseli inatakiwa iingie kwa kusukumwa, isiingie kwa kudondoka. Kisha funga mkono wa kuzuia ekseli, bamba la chuma lenye tundu bapa linaloishika ekseli na kufungwa kwenye foku. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inasukumwa kuzunguka nyuma kwa nguvu ile ile. Nati ikilegea, ekseli inajipindua ndani ya foku na kuzikata waya zinazotokea katikati yake. Mota huwa imekufa hapo, na mara nyingine gurudumu huwa limetoka. Na suala la breki ya mbele bado halijajibiwa: utahitaji foku yenye vishikio vya breki za kubana, na nyuzi za shingo ya Phoenix haziafikiani na kila foku.

Mota za katikati, zinazofungwa kwenye krenki, kama za kampuni ya Bafang, niziseme kwa kifupi: hutaka bomba la krenki lenye upana wa milimita 68 hadi 73, kwa hiyo gonga kotapini (pini inayoishika krenki), toa krenki, pima kabla hujalipa. Faida yake kubwa ni kutumia gia za baiskeli, na Phoenix ina gia moja.

Kama bado hujanunua baiskeli, basi nunua ya mtumba ya milimani yenye fremu ya chuma, tairi la 559, nafasi ya kuingiza gurudumu la nyuma ya milimita 135 na breki za kubana. Hapo seti ya habu ya nyuma yenye matundu 36 inaingia jioni moja, breki ni za kweli, na sehemu kubwa ya makala haya hukuihitaji. Zile za Japani za mjini zenye kikapu mara nyingi ni 590, kwa hiyo soma tairi kwanza.

Betri ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko mota, na ndiyo inayodanganywa zaidi. Betri mbili za asidi za volti 12 na ampea-saa 12, zile za mashine za kulinda kompyuta, zinavutia kwa bei. Lebo inasema wati-saa 288. Lakini mota inavuta ampea 14, mkondo mkubwa kuliko ambao betri hizo zimepimiwa, na utakachopata barabarani ni nusu au juu kidogo ya nusu. Zikizoea kumalizwa kila siku, baada ya mizunguko 200 au 300 zimechoka. Uzito wake ni kama kilo 8.

Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu ni nafuu, na ndizo ninazozikataa kabisa kwa chombo kinacholala ndani ya nyumba. Hujui zimeishi vipi, na moja mbovu katikati ya arobaini inatosha kuwasha zote. Mpya nazo zina uongo wake: seli ya ukubwa wa 18650 iliyo halali hucheza kwenye 2,000 hadi 3,500 mAh (miliampea-saa). Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe mezani kwa muuzaji bila mjadala.

Chaguo linalofaa hali ya hewa na barabara zetu ni lithiamu ya aina ya LFP (yenye chuma na fosfeti). Haibebi nishati nyingi kwa kilo kama zile za simu, lakini ni ngumu kuwaka, na huvumilia mizunguko 2,000 ikitunzwa. Seli za 32700 za ampea-saa 6, ambazo hutumika pia kwenye taa za sola, zikipangwa nane mfululizo na tatu sambamba hufanya seli 24: volti 25.6, ampea-saa 18, wati-saa 460, uzito kama kilo 3.5 bila boksi. Ukiacha akiba kidogo, baiskeli yenye mzigo ikila wati-saa 20 kwa kilomita, unaenda karibu kilomita 20. Bila mzigo na ukiwa unakanyaga, 30 zinafikika.

Seli hizo ziunganishwe kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kuchomelea nukta. Pasi ya kulehemu ikigusa mgongo wa seli kwa sekunde kumi inaipika ndani, na hutajua mpaka miezi miwili ipite pakiti ianze kupungua. Kabla ya kuunganisha, pima kila seli kwa multimita. Zilizoachana zaidi ya volti 0.05 zisikae sambamba. Bodi ya ulinzi, BMS, iwe ya seli 8 za LFP, ampea 30. Chaja iwe ya volti 29.2 na ampea 5, itajaza kwa saa nne hivi. Chaja ya betri za asidi usiitumie hata kama plagi inaingia: nyingine hupiga volti za juu kwa vipindi ili kusafisha mabamba ya ndani ya betri hizo, na nyingine huendelea kushikilia chaji betri ikiwa imeshajaa. Usichaji betri ikiwa bado ya moto kutoka juani, na usiiweke kati ya kitanda na mlango.

Waya mkuu kutoka kwenye betri uwe wa milimita 4 za mraba, na fyuzi ya ampea 30 ikae kwenye chanya, ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo karibu na kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, hailindi kipande cha waya kilichopita chini ya tandiko, na hicho ndicho kinachochubuka. Boksi la betri likae ndani ya pembetatu ya fremu, si kwenye keria: juu ya keria linapigwa na kila shimo, na linakunyima nafasi ya mzigo uliotaka kuubeba. Kontrola ielekezwe waya zake chini ili maji yadondoke. Pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, chumvi huingia kwenye soketi na kuzifanya za kijani ndani ya miezi. Vazelini kidogo kabla ya kuunganisha huchelewesha hilo sana. Mota ya habu ikianza kutetemeka na kuguna badala ya kuzunguka, usikimbilie kununua nyingine. Soketi ile ndogo ya waya tano, ya vihisi vya mota, ifungue, isafishe, irudishe, kisha umeme ukiwa umewashwa gurudumu lizungushwe polepole huku multimita ikiwa kwenye waya wa njano, wa kijani na wa bluu kwa zamu. Kila mmoja unapaswa kupanda na kushuka kati ya volti 0 na karibu 5. Usiobadilika ndio wenye tatizo.

Kitu kimoja ambacho seti nyingi hazikifikirii kwa Phoenix ni kukata umeme unaposhika breki. Mikono ya breki inayokuja na seti ni ya waya, yako ni ya vyuma. Nenda kwenye duka lolote la vipuri vya bodaboda, nunua swichi ya taa ya breki ya nyuma, ile inayovutwa na springi. Ifunge kwenye fremu, springi yake ishikwe na chuma cha breki kinachopanda. Waya zake mbili zipeleke kwenye soketi ya breki ya kontrola; kontrola nyingi hukata nguvu waya ule unapogusishwa na hasi, na swichi hiyo hufunga inapovutwa. Irekebishe ikate kabla raba hazijagusa ringi. Bila hiyo, kidole kikiganda kwenye mshikio wa mafuta unapigana na mota yako mwenyewe kwa breki za miaka ya sitini.

Jaribio la mwisho ni la mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye keria, barabara kavu, tambarare, isiyo na watu. Chora mstari, fika hapo na 20, shika breki zote mbili, pima kwa hatua. Zikizidi mita 7, rudi kwenye pini na raba kabla ya kumkabidhi mtu baiskeli hiyo. Mwaga maji kwenye ringi, rudia. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena nati za ekseli, boliti za mota na kila spoku inayotoa sauti butu ukiigonga kwa spana, kwa sababu mota mpya huzilegeza zote katika wiki ile ile.